Uzi wa kufungia chambo cha manyoya: upi ununue ukiwa Mombasa

Chambo cha manyoya ni ndoana iliyofungwa manyoya au nywele kwa uzi. Kama huna subira ya kusoma mpaka chini, nunua uzi wa poliesta uliotengenezwa kwa kazi hii, wa denia 130 hadi 140 (denia ni kipimo cha uzito wa uzi, nakieleza hapa chini), rili moja nyeupe na moja nyekundu, uende zako. Itakufungia karibu kila chambo kinachofaa kwa kolekole wa Mtwapa, mzia wa nje ya mwamba na hata nguru. Aina nyingine zilizopangwa hapa ni za mwenye kazi maalumu, au mwenye mfuko mwepesi.

Tuanze na namba, maana hapo ndipo wengi wanapouziwa kisicho chao. Rili za kutoka ng'ambo huandikwa 3/0, 6/0, 8/0, na kadiri namba ya mbele inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Tatizo ni kwamba kila kiwanda kina hesabu yake. UNI-Thread ya 6/0 ina denia kama 136, ilhali Danville ya 6/0 ina denia 70, karibu nusu. Ukiagiza kwa namba hiyo peke yake unacheza bahati nasibu. Tafuta denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Yeyote aliyewahi kushona jarife anaijua hata kama hajawahi kuiita hivyo: kwenye uzi wa nyavu ulioandikwa 210D/9, hiyo 210 ni denia ya kila uzi mmoja, na 9 ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Kwa hiyo uzi wa 140 ni theluthi mbili tu ya uzi mmoja kati ya hizo tisa. Ndio maana mkono mzito wa mvuvi huukata siku ya kwanza.

Angalia pia kwamba denia ni uzito, si nguvu. Nyuzi mbili za denia moja zaweza kuachana mbali kwa nguvu, kutegemea zimetengenezwa kwa nini.

1. Poliesta ya kufungia chambo, denia 130–140

Hii naiweka juu kwa sababu ya mahali tulipo. Poliesta haivuti maji kwa kiasi cha kukusumbua, haitanuki sana, na hustahimili jua kuliko nailoni. Chambo kinachokaa juu ya sitaha tangu alfajiri mpaka saa saba mchana kinahitaji hayo yote. Nyingi huuzwa zikiwa zimeshapakwa nta kidogo, kwa hiyo hushika manyoya bila kuteleza. Kasoro yake ni kwamba haikubali kulazwa ikawa bapa kabisa, na kichwa cha chambo huwa kinene ukizungusha ovyo. Kwa ndoana kubwa, za namba 1/0 hadi 4/0, hilo si neno.

2. Nailoni bapa, denia 140–210

UTC ya 140 na Danville Flat Waxed Nylon ya 210 ndizo zinazojulikana zaidi. Nailoni hutanuka ukiivuta, kisha hurudi na kubana ilichokifunga. Kwa nywele za mkia wa mbuzi, ambazo ndizo mbadala wetu wa mkia wa kulungu wa Marekani, huo mbano ni neema. Hulala bapa, hufunika shina la ndoana haraka, na rangi zake hung'aa. Lakini ikilowa hupungua nguvu kidogo, na jua huila. Ukiinunua, ifunike vizuri kwa gundi kichwani. Kati ya hii na ile ya kwanza mwanya ni mdogo. Anayefunga vyambo vya manyoya matupu, kama Deceiver, kile alichobuni Mmarekani Lefty Kreh, huenda akaipenda hii zaidi.

3. Uzi wa kudarizi wa poliesta, koni kubwa

Hapa wataalamu wa mitandaoni watanuna. Mimi nauweka wa tatu bila haya. Ingia maduka ya vifaa vya ushonaji kuanzia Biashara Street, uulize uzi wa mashine ya kudarizi. Ule wa kawaida, namba 40, ni nyuzi mbili za denia 120 zilizosokotwa, na koni moja ina maelfu ya mita. Rangi ziko za kila namna. Ni mnene kidogo, lakini kwa chambo cha kukokota nyuma ya boti nani anahesabu?

Kuna mtego mmoja tu. Rafu ileile ina uzi wa rayoni, unaong'aa vivyo hivyo, na rayoni ikilowa hudhoofika vibaya. Katika duka, lowesha kipande kwa ulimi na ukivute: kikikatika mahali palipolowa, rudisha. Nyumbani waweza kuchoma ncha. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu jeusi. Rayoni na pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Ukimwambia muuzaji "nipe ulio imara zaidi," atakupa ule wa kushonea viatu. Huo mwachie fundi wa viatu.

4. Uzi wa GSP, denia 100–200

GSP ni kifupi cha gel-spun polyethylene, yaani poliethilini, jamaa wa ile braidi ya kuvulia, na kwa denia ileile hakuna kati ya hizi tatu za juu unaoufikia kwa nguvu. Basi kwa nini wa nne? Kwa sababu huteleza kama mkunga. Unahitaji nta, unahitaji gundi, na mkasi butu hautaukata. Una kazi zake mbili: kubana nywele ngumu za kulungu zisimame, na kufunga macho mazito ya risasi kwenye Clouser Minnow, chambo alichokibuni Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980. Macho yale yakizunguka kwenye shina chambo huogelea upande, na mbano wa GSP huyazuia. Wengine wote, okoeni pesa zenu.

5. Uzi wa cherehani wa kawaida

Una vinyweleo, hujaa haraka, hauwi bapa. Jifunzie nao. Unafaa pia kwenye manyoya makubwa ya kukokotea jodari, ambako kila kitu ni kikubwa.

Usinunue Kevlar, ile ya fulana za kuzuia risasi: jua huidhoofisha, nayo hula mkasi. Usinunue pamba pia, hata kama ni ileile nzuri inayotumika kwenye kofia za viua.

Ukishanunua, mengi hutegemea mkono. Anza kwa kuulaza uzi juu ya shina, zungusha mara tano au sita ukiurudia wenyewe, ukate ncha. Fundo halina haja. Kisha jifunze mpaka wa uzi wako: vuta polepole mpaka ukatike, rudia mara kadhaa, halafu fanya kazi karibu na hapo. Mizunguko minne iliyobanwa inashinda kumi na mitano iliyolegea, na kichwa kitakuwa kidogo.

Uzi hujisokota kadiri unavyozungusha. Acha kishika spuli, kile kifaa kinachobeba rili na kupitisha uzi kwenye kijibomba, kining'inie. Ukiona kinazunguka chenyewe, kiache kijifungue, uzi utalala bapa tena. Ukitaka ushike kitu chenye kuteleza, kama zile nywele za bandia za wasusi ambazo ni chambo kizuri ajabu, usokote makusudi: uzi mviringo huuma, uzi bapa hufunika.

Uzi ukikatika mara kwa mara bila kuvutwa sana, usiulaumu kabla ya kutazama mdomo wa kile kijibomba cha kishika spuli. Chuma kikipata mkwaruzo hukata kila uzi unaopita. Chenye mdomo wa kauri ni ghali kidogo, na ndicho ningenunua kabla ya rili ya tatu.

Nta ya nyuki yatosha. Mshumaa hauna unato. Malizia kwa fundo la kuzungushia la mara tano mpaka saba, ulifanye mara mbili, kisha gundi. Supa glu huingia ndani ya uzi vizuri lakini huwa kavu na kuvunjika ikigongwa, kwa hiyo ipake chini, juu yake uweke gundi ya epoksi kama Araldite, au resini inayogandishwa kwa mwanga. Uzi mweupe chini ya resini huwa kama kioo na kuonyesha rangi ya ndani. Mwekundu hubaki kama matamvua ya samaki. Kwa mzia, gundi hiyo ndiyo ngao ya pekee, maana hakuna uzi unaostahimili meno yake.

Miezi ya kusi, maboti madogo yakikaa ndani ya hori, ndiyo wakati wa kufunga akiba. Weka rili ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na dirisha.