Dune ziko nyingi: ipi ununue, ipi ukodi, ipi uache

Ukiingia duka lolote la muvi mtandaoni ukaandika Dune inakuja orodha mpaka unachanganyikiwa, kuna ya 1984, kuna ya 2000, ya 2021, kuna Part Two, kuna na sizoni kabisa, na baadhi ya makava yanafanana kiasi kwamba mtu analipia ile ya 1984 ya mwongozaji David Lynch akijua anapata ile ya 2021 aliyocheza Timothée Chalamet. Na nyingi hadithi ni ile ile, riwaya ya Frank Herbert ya 1965, kwa hiyo ukinunua bila kupanga unalipia kitu kimoja mara tatu.

Nazipanga kuanzia ya kununua kwanza. Kipimo changu kikubwa ni kama muvi imeelewa kwamba Herbert alikuwa anatuonya kuhusu Paul Atreides, mhusika mkuu, kijana anayegeuka kiongozi wa kuabudiwa. Paul sio stelingi wa kushangilia. Kitabu kinaonesha hatari ya watu kumkabidhi mtu mmoja imani yao yote, na kwenye kitabu cha pili, Dune Messiah cha 1969, unakutana na hesabu yenyewe, watu bilioni 61 wamekufa kwenye vita vilivyopiganwa kwa jina lake. Muvi inayokufanya utoke unampigia Paul makofi tu haijafikisha hadithi, hata picha ziwe nzuri vipi.

Ya kwanza: Dune ya 2021 na Part Two ya 2024, zote mbili kwa pamoja

Hizi za Denis Villeneuve ndo za kuanza nazo, na naomba usinunue ya 2021 peke yake. Kava limeandikwa Dune tu, lakini ukiiweka utaona kwenye skrini imeandikwa Part One, na kweli inaishia katikati ya kitabu, Paul na mama yake Jessica ndo kwanza wanapokelewa na Fremen, wenyeji wa jangwani. Ni dakika 155, halafu Part Two dakika 166, zichukulie kama muvi moja ndefu iliyokatwa. Ya kwanza ilipata Oscar 6, zikiwemo za picha, sauti na muziki wa Hans Zimmer, ya pili ikapata 2. Jangwa ni jangwa la kweli, Wadi Rum kule Jordan na matuta ya Liwa upande wa Abu Dhabi, yaani ndugu zetu mlioko huko Imarati mnaweza kuendesha gari mkaenda kuikanyaga Arrakis, ile sayari ya jangwa ya hadithi.

Ila sababu ya kuiweka juu ni Chani, binti wa Fremen anayependana na Paul. Kwenye kitabu Chani anamfuata Paul mpaka mwisho, huku Villeneuve kamfanya Zendaya awe jicho linaloona jinsi watu wake wanavyotekwa na unabii uliopandikizwa na Bene Gesserit, ule udugu wa siri wa wanawake, kabla hata Paul hajazaliwa, na picha ya mwisho kabisa ni uso wake. Hilo ni badiliko kubwa, wapo wasomaji wa kitabu linalowakera na nawaelewa, lakini onyo la Herbert limefika kwa sauti kubwa kuliko kwenye toleo lolote lingine. Kilichopotea kipo pia: ile karamu ya chakula cha usiku kule Arrakeen, mji mkuu wa Arrakis, haipo kabisa, Thufir Hawat, mshauri wa ukoo wa Paul, haonekani Part Two, na miaka kadhaa ya kitabu imebanwa ikawa miezi, ndo maana Alia, mdogo wake Paul, hajazaliwa na Baron Harkonnen, adui wa ukoo wao, anauawa na Paul mwenyewe badala ya huyo mtoto.

Sasa ununue kwa umbo gani? Hapa ndo watu wanapoteza hela. Kama una TV ya 4K na spika za maana, nunua diski ya 4K, sio ya kupakua, kwa sababu strimingi inabana picha na sauti ili ipite kwenye intaneti na hizi muvi zina giza jingi na mavumbi mengi, vitu vinavyoharibika mapema picha ikibanwa, na bado ile besi ya Zimmer na ile Sauti anayotumia Jessica kuamrisha watu ni nusu ya utamu. Lakini diski ya 4K haichezi kwenye PlayStation 4, hata ile Pro, wengi hawalijui hili mpaka wameshalipa. Inacheza kwenye PlayStation 5 yenye sehemu ya diski, Xbox Series X, au deki ya 4K yenyewe. Kama TV yako ni ya kawaida ya inchi 32 wala usihangaike, Blu-ray ya kawaida inatosha kabisa na PlayStation 4 inaisoma.

Halafu angalia kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa icheze, hii muhimu sana kwa wanaoagiza nje. Diski za 4K hazina kanda, ya Marekani itacheza Dar au Nairobi. Blu-ray zina kanda, sisi Afrika tuko B pamoja na Ulaya, kwa hiyo ya Uingereza itakubali na ya Marekani iliyofungwa kanda A itagoma. DVD ndo mtihani zaidi, Afrika Mashariki tuko kanda 5, Ulaya na Ghuba 2, Marekani 1. Ukinunua kwa kupakua nako, unachopata ni ruhusa ya kuangalia, muvi haiwi mali yako, na duka linafuata nchi ya akaunti yako, aliyejiandikisha akiwa Toronto akihamia Mombasa anaweza kukuta mambo yamebadilika.

Kitu kingine, Part Two ina mazungumzo mengi ya Kichakobsa, lugha ya Fremen iliyotengenezwa kwa ajili ya muvi. Zile kopi za kuwekewa kwenye flashi mara nyingi zinakuja bila maandishi ya chini na unapoteza nusu ya siasa za Sietch Tabr, makao ya Fremen. Kwa muvi hii tafuta kopi halali.

Ya pili: sizoni fupi ya 2000

Najua wengi wangeweka ya Lynch hapa. Mimi hapana. Hii ya John Harrison ina sehemu tatu na ndo inayokifuata kitabu kwa karibu kuliko zote, karamu ipo, binti mfalme Irulan kapewa nafasi kubwa kuliko hata kwenye kitabu, siasa za mfalme na koo kubwa unazielewa. Ilipigwa studio kule Prague, jangwa ni mapazia ya studio na inaonekana wazi, ile minyoo mikubwa ya jangwani ni ya kompyuta ya miaka ile, lakini mpiga picha ni Vittorio Storaro na rangi zake zimefanya jukwaa lile liwe zuri kwa namna yake, Emmy ya picha aliistahili. Ukiichukua kama tamthilia ya jukwaani utaipenda.

Soma muda nyuma ya kava kabla hujalipa, toleo la mwongozaji linakaribia saa tano na ndilo la kutafuta. Na kama inauzwa pamoja na Children of Dune ya 2003 chukua zote bila kufikiri mara mbili, hiyo ya pili inabeba Dune Messiah na kitabu cha tatu, James McAvoy akiwa kijana kabisa, na pale ndo unaona Paul analipia alichokifanya.

Ya tatu: Dune ya 1984

Hii ndo ya Lynch. Dakika 137 kwa kitabu kizima, haiwezekani na haikuwezekana. Wahusika wananong'ona mawazo yao mwanzo mwisho, na kile kipande cha mwisho Paul ananyeshesha mvua Arrakis kama mungu, kinyume kabisa na alichotaka Herbert. Lakini mapambo, mavazi, yule Navigator, rubani wa vyombo vya anga aliyegeuka kiumbe, ndani ya tenki lake, muziki wa bendi ya Toto, hakuna muvi nyingine inayofanana na hii na kwa hilo inafaa kuwa nayo nyumbani. Nunua toleo la 4K la kampuni ya Arrow la 2021, picha imesafishwa vizuri sana. Usinunue ile ndefu ya TV ya karibu saa tatu ukiambiwa ni toleo la mwongozaji, sio, Lynch aliikataa mpaka akatoa jina lake likawekwa la Alan Smithee, jina bandia la waongozaji wanaokana muvi zao.

Dune: Prophecy ya 2024

Sizoni ya kwanza ina epsodi 6, miaka elfu kumi kabla ya Paul, asili ya Bene Gesserit. Emily Watson yuko vizuri ila hadithi inatawanyika. Kama tayari unalipia huduma inayoionesha, angalia. Kununua diski zake subiri kwanza umalize hizo za juu.

Kwa mwenye bajeti ndogo, Blu-ray mbili za Villeneuve zilizotumika ndo jibu. Omba picha ya upande wa chini wa diski uone mikwaruzo, na ile namba ya kupakua iliyomo ndani ya boksi usiilipie hata senti, kwenye boksi lililofunguliwa mara nyingi imeshatumika.