AG100 iliyolala chini ya mwembe: laki nne inafaa?

Kazi yangu ni kununua pilipili manga na iliki vijiji vya juu huko Amani na kushusha Muheza. Pikipiki yangu ya Boxer imechoka na ile njia, hasa masika. Kwa hiyo jamaa aliponiambia kuna pikipiki ya Yamaha AG100 kwa mzee mmoja, imelala chini ya mwembe, bei laki nne, usiku ule sikupata usingizi. Marehemu baba alikuwa bwana shamba na alipanda hiyohiyo, nikikaa mbele juu ya tanki. Mjue mapema kwamba mimi niliyekwenda kuikagua si mtu baki kwake.

Kwa wasioijua: AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya shamba. Injini cc 97, ya stroku mbili, ile ya kuchoma petroli na oili pamoja. Inawashwa kwa kiki. Ina keria mbele na nyuma, breki za ngoma kote, na cheni yote imefichwa ndani ya kava. Mbio haina. Mzigo inabeba.

Nilikwenda na fundi wangu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu. Chuma hiki, siyo plastiki zenu za siku hizi." Tulimuuliza imekaa muda gani, akasema si mrefu. Fundi akanionyesha gurudumu la nyuma: mche wa mpera umepita katikati ya njiti, mnene kama mpini wa jembe. Tukanyamaza kwa heshima.

Kutu ya nje ilikuwa ya kutisha kwa macho tu. Keria, eksozi, usukani, vyote vyekundu, lakini hivyo vinapigwa msasa na rangi, kazi ya siku moja. Fundi hata hakuvitazama. Alipandisha mpira unaofunika shokapu ya mbele akapitisha ukucha kwenye ile fimbo inayong'aa. Pale kukiwa na vishimo vya kutu, kila sili utakayoweka itachanika na oili itamwagika. Ilikuwa laini. Akachokonoa kizibo cha mpira kwenye kava la cheni, akamulika na simu, akaniita. Ndani cheni imelala kwenye grisi nyeusi nzito, haina hata doa. Boxer yangu nikiisahau wiki moja kwenye matope cheni inalia. Hapo nikaanza kuhesabu hela mfukoni, na fundi akaniona.

"Subiri kaka."

Alifungua plagi, akamimina oili kidogo kwenye tundu, akaniambia tukanywe chai kwanza. Usiirukie kiki ya injini iliyolala: ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na kutu zinavunjika, au zinachana silinda. Baada ya chai na mihogo akaibonyeza kwa mkono, polepole. Ikagoma, kisha ikashuka. Nikaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi, kikasukumwa. Injini haijakamata, yaani pistoni haijaganda.

Ila mambo matatu yalinirudisha chini.

La kwanza ni tanki. Tulimulika mle, kuta zimebanduka magamba ya kahawia kama ganda la mti. Magamba hayo yanashuka kwenye kabureta, unazimikiwa katikati ya mlima na gunia nyuma. Linasafishika kwa kokoto na kutikisa sana, lakini bati likishatoboka ni hasara nyingine.

La pili ni sili za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Injini ya stroku mbili inavuta mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kupitia chini, kwenye krenki yenyewe, kwa hiyo lazima pabane kabisa. Pikipiki ikikaa, zile sili za mpira zinakauka. Inaweza kuwaka vizuri tu mbele yako, ukalipa, ukaondoka. Upande mmoja inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, pistoni inachemka na kukamata. Upande wa pili inavuta oili ya gia, unatoka moshi mweupe. Kuzibadili ni lazima kufungua injini yote. Tena tulikuta pampu ya oili, ile inayoipelekea injini oili yenyewe, imeng'olewa, tundu limezibwa na kibati kilichokatwa kwa mkono. Mzee hakulitaja hilo. Ukitia petroli tupu ukidhani pampu ipo, umeiua kabla hujafika barabarani.

La tatu ni karatasi. Kadi ina jina la mradi wa wafadhili uliokwisha zamani. Mzee anasema aliinunua kwenye mnada. Tukasugua namba ya chesisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, zikatokea moja moja, zinalingana na kadi. Vizuri, lakini bila hati ya mnada utahamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, kwa lipi?

Fundi alipiga hesabu: sili, ringi, tairi, tyubu, betri, waya zilizoliwa na panya, laki tatu na nusu bila ufundi. Na spea za Boxer nazipata hata duka linalouza sukari, za hii mpaka uagize Dar.

Kwa laki nne, hapana. Laki mbili na hati ya mnada, ndiyo, na ningefungua injini kabla ya kuiwasha hata mara moja. Bila hati, themanini elfu kama spea, basi. Nilimwambia mzee hivyohivyo. Akacheka, akasema baba yangu asingeongea na chuma namna hiyo. Nilikuwa nimemtaja mwenyewe wakati wa chai, kosa langu la biashara.

Alhamisi amepiga. Hati imepatikana kwenye sanduku la mama, mchwa wamekula kona moja lakini muhuri unasomeka. Bei ameshusha mpaka mbili na nusu. Jumamosi nakwenda na panga la kukatia ule mpera.