Springi kaitengeneza, sahani ya Siti kaiua kwa spiriti

Niseme la haki kwanza, maana hasira ikipanda sitalikumbuka. Gramafoni ya marehemu babu ilikaa bubu miaka mingi, na sasa ukiizungusha hendeli inacheza upande mzima wa sahani bila kulegea. Kwa kazi hiyo fundi huyu wa Mtwara mjini anastahili hela yake. Kwa mengine, jamani, sijui nianzie wapi.

Siku ya kwanza nimetoka nayo Mikindani, nimeipakata kwenye daladala kwa kuogopa isigongwe. Hata hajafunua mfuniko, kaniambia, "Mama, hii siyo gramafoni. Gramafoni ina tarumbeta." Vijana waliokuwa wamekaa pale wakacheka. Nikamwonyesha kibati chenye namba na jina la kiwanda: Hayes, Middlesex, Uingereza. Nikamfungulia vile vimilango vya mbele ambavyo sauti inatokea, nikamwambia tarumbeta lake ni bomba lililopindwa humo ndani ya sanduku. Si jambo la ajabu. Kampuni ya Victor ya Marekani ilianza kuuza mashine za bomba la ndani tangu 1906, wengine wakafuata. Kinyume chake, hizo zenye tarumbeta la shaba linalong'aa wanazouziwa watalii, nyingi zimeungwa juzi tu huko India kwa vipuri vya huku na huku, halafu zikabandikwa picha ya mbwa, ile nembo ya kampuni ya gramafoni. Anayetafuta ya kweli aangalie kibati, aangalie mbao, aangalie kama skrubu zimezeeka pamoja na sanduku. Tarumbeta lisimzubaishe.

Alinijibu, "Haya, kama wewe ndiye fundi." Nikameza.

Hii mashine babu aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa anahama Lindi, wakati yeye ni karani kwenye shamba la mkonge. Basi. Hadithi nyingine ni za kifamilia.

Kwenye springi, ile inayoizungusha mashine, nampa sifa, tena sifa kubwa. Kasha lake likifunguliwa ovyo, ule utepe wa chuma unaruka na kukuchana mkono. Yeye alivaa glovu nene, akautoa kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, huku kaubana kwa kiganja. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama lami ya barabarani. Akauosha utepe kwa mafuta ya taa, akaukausha, akapaka grisi yenye grafaiti, akaurudisha. Kisha akahamia kwenye gavana, vile vizito vitatu vinavyotanuka mashine ikikimbia na kuizuia isipitilize mizunguko 78 kwa dakika. Akanionyesha ngozi ya breki iliyokauka, akaibadilisha. Hata kile kichwa kinachoshika sindano alikifungua, akatoa mpira uliokuwa umegeuka mgumu kama jiwe, akaweka mpira laini. Nilisimama pale nikimtazama, na moyoni nikasema huyu nimempata. Kama ningeandika siku ile, mngesoma mengine kabisa.

Siku ya kuichukua nikaenda na sahani. Ni ya Siti binti Saad, yule mama aliyezaliwa Fumba, Unguja, akavuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili wakati watu wa pwani hawajawahi kusikia lugha yao ikitoka kwenye mashine namna ile. Babu alikuwa nazo kadhaa. Zilizobaki nzima ni chache mno, nyingine zilikatika vipande enzi za kuhamahama. Hii ilikuwa haina hata ufa.

Nafunua mfuniko, naona ndani kumefifia. Ile picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, yenye rangi ya dhahabu, imebaki nusu ya sikio na kivuli cha tarumbeta. Nauliza, "Fundi, mbwa yuko wapi?" Anasema alipitisha spiriti kuondoa uchafu. Picha yenyewe ina historia: Francis Barraud alimchora mbwa yule kwanza akisikiliza mashine ya Edison ya silinda, na mwaka 1899 kampuni ya gramafoni ilipoinunua, akachora gramafoni juu ya ile mashine ya Edison. Hapo nikawa nimeshaanza kutetemeka. Bado nashangaa picha, naye kaichukua sahani iliyokuwa mezani. "Ngoja niisafishe kidogo, ina vumbi." Chupa ikainama, kitambaa kikalowa, mkono ukazunguka. Nilipiga kelele lakini alishapita.

Kitambaa kikatoka cheusi. Akaninyooshea nikione, kwa furaha, kwamba uchafu ulikuwa mwingi. Weusi ule ulikuwa ni sahani yenyewe! Sahani za zama zile si plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa huko India, ukachanganywa na unga wa mawe. Spiriti inayeyusha shelaki. Na vanishi za mbao za zamani nyingi ni shelaki hiyohiyo, ndiyo sababu na mfuniko umeumia. Maji baridi kidogo, sabuni laini, kitambaa, usiguse karatasi ya katikati: hakuna zaidi ya hapo. Mtu anayejiita fundi wa vitu vya kale hajui hili?

Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Alipopita mkono pamekuwa pa kijivu, hapang'ai, na mistari imelainika ikashikana. Tukaijaribu. Ala zinaanza vizuri, sauti ya Siti inaingia, halafu inazama kwenye mkwaruzo na haitoki tena mpaka karibu na mwisho. Machozi yakanitoka mbele za watu. Ndipo akanena neno ambalo sitamsamehe: "Mama, sahani moja tu, mbona unalia kama umefiwa?"

Hata pole hakusema.

Sasa mtaniuliza, tumpelekee mashine zetu au tusimpelekee? Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba springi mpelekeeni, ila simameni hapohapo mpaka amalize. Lakini nikimkumbuka anavyoninyooshea kile kitambaa, nasema hapana, msimpelekee hata saa ya ukutani. Halafu jioni mashine inalia nyumbani, mama yangu anaitikia wimbo aliousikia akiwa mtoto, upande wa pili wa sahani ileile ambao spiriti haikuugusa, na najua kwa Mtwara yote hii sijamwona mwingine anayeweza kuufungua utepe ule bila kumwaga damu. Kwa hiyo springi, ndiyo. Mbao, picha, sahani, hapana, hata akiapa. Na sindano nunueni wenyewe: alinirudishia ileile ya zamani akisema bado nzima, wakati sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa sahani, ikizidi hapo inachimba.

Malipo tulikuwa tumepatana tangu mwanzo, nusu mbele, nusu mwisho. Ile nusu ya mwisho nimemhesabia yote mkononi, maana kazi ya springi ni halali yake. Akaongeza juu yake hela ya spiriti. Hiyo sikumpa, na akinitumia mtu Mikindani kunidai, simpi.