Matairi ya sponji ya kapeti: yakitoka kwenye pakiti, usikimbilie mbio

Mambo vipi wadau. Leo mezani kuna matairi ya sponji ya gari la rimoti la mbio za kwenye kapeti, skeli ya 1/12: mbele shoa 40, nyuma shoa 30. Shoa ni kipimo cha ugumu wa sponji, namba ikipanda, sponji ni ngumu zaidi. Rimu na beringi mnazijua, naruka. Kinachoniudhi ni huu ukingo wa nje, sogea uone. Umekatwa wima! Ukiingia kona kwa kasi, ukuta wa sponji unajikunja, unang'ata kapeti, gari linabiringika. Halafu lawama zote kwa springi.

Tairi liende kwenye mashine ya kuchongea. Kidogo kidogo, ukilazimisha, sponji inachimbika. Nyuma nashusha kipenyo hadi milimita 42, mbele 41, napima kwa kalipa. Nyuma, kushoto na kulia yalingane, la sivyo gari linavuta upande hata kwenye mnyoofu.

Sasa ukingo. Msasa namba 150, uviringishe kama milimita 2. Futa vumbi kwa spiriti, ikauke kabisa. Kisha supa gluu, ile nyepesi: anzia kwenye rimu, panda ukutani, ishia mviringo unapoanza. Sambaza kwa kidole ulichokivika mfuko wa nailoni. Supa gluu hukauka kwa unyevu wa hewa, na Dar unyevu tunao wa kugawa, kwa hiyo tairi moja moja na kichupa ukifunge. Rudia mara ya pili. Ona, nabonyeza: ukuta haukunjiki tena. Ila gundi ikipanda hadi kwenye uso wa kukanyagia, mbele inateleza na gari linakataa kona.

Dawa ya kushika, ile ya kuifanya sponji ing'ang'anie kapeti: nyuma pakaa upana wote, mbele nusu ya ndani tu. Dakika 15, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mbele ukipakaa yote, umejiitia kubiringika.

Watu wa matairi ya mpira najua mtasema yenu hayachongwi. Sawa, na hapo mnatushinda. Sponji ikiisha kutoka 42 hadi 40, tumbo la gari limeshuka milimita 1, ongeza spesa. Gia nazo: pinioni, yaani gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 50 kwa gia kubwa ya meno 76 ilikuwa inasogeza gari milimita 86.8 kwa kila mzunguko wa mota, sasa ni 82.7. Weka pinioni 52, unarudi 86.

Bei? Usafirishaji ndio unaouma, agizeni kwa pamoja. Na usiyaache ndani ya gari lililopaki juani Kariakoo. Mfuko uliofungwa, kivulini.

Nikisema ukweli, yakishachongwa nayapenda. Pua ikiwa bado kali, yaani mbele inakata kona kupita kiasi, jaribu mbele shoa 42 kabla ya kugusa springi. Springi zenyewe ni video ijayo. Hujajiunga na chaneli, jiunge. Na mwenye mashine ya kuchongea anayoiuza, aseme kwenye maoni, wanaoulizia ni wengi.