Uzoefu wangu: mafunzo ya siku mbili ya mashindano ya shotigani nchini Uingereza

Mwaka jana nililipa pauni 190 ili nifundishwe namna ya kuingia katika mashindano ya vitendo ya shotigani (bunduki ya marisau), yaani yale ambayo mshindani hukimbia, husimama, hulenga mabamba ya chuma na kujaza risasi upya huku saa ikimhesabia. Mafunzo yalichukua Jumamosi na Jumapili katika klabu moja ya kaskazini mwa Uingereza ambayo sitaitaja, kwa sababu nina lawama juu yake na lawama zenyewe si za kumharibia mtu riziki. Tangu hapo nimeshiriki mashindano matatu ya ngazi ya klabu. Kama ningeambiwa niyape mafunzo yale alama, ningeyapa saba kati ya kumi, na zile tatu zilizopungua zote zinahusu jambo moja, nalo ni kujaza risasi.

Niseme kwanza nilikotokea. Nililelewa Muheza, ambako mzee mmoja jirani yetu alikuwa na gobore la kufukuzia ngedere shambani, na huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wote wa silaha hadi nilipohamia huku na kualikwa na mfanyakazi mwenzangu kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Kwa miaka mitatu nilipiga visahani, na nikapata cheti cha shotigani kutoka polisi. Kwa hiyo nilifika kwenye mafunzo nikijiona si mgeni. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Katika visahani husimami na bunduki iliyofungwa mpaka zamu yako ifike, huendi nayo popote ikiwa na risasi, na ukimaliza risasi zako mbili una muda wa kutosha hata wa kupiga soga. Huku kila kitu ni kinyume.

Mkufunzi wetu, mtu mzima mpole mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alitumia asubuhi yote ya Jumamosi kueleza historia, sheria na usalama, na wala sikuchoka. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lilianzishwa Marekani mwaka 1976, na mwaka uliofuata Uingereza ikapata chama chake, UKPSA. Hapo awali watu wa huku walishindana zaidi kwa bastola. Baada ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987, bunduki nyingi aina ya rifle zinazojikoki zenyewe zilipigwa marufuku. Na baada ya watoto kuuawa shuleni Dunblane mwaka 1996, bastola nazo zikaondolewa mikononi mwa raia karibu zote. Kilichobaki kwa mtu anayetaka mchezo wa kukimbia na kulenga ni shotigani, na ndiyo maana mchezo huu umeota mizizi hapa kuliko mtu angetarajia katika nchi yenye sheria kali namna hii.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayoamua utaanza na bunduki gani, na hapa mafunzo yalinisaidia sana. Kwa cheti cha kawaida cha shotigani unaruhusiwa bunduki ambayo magazini yake, yaani sehemu ya kuhifadhia risasi, haibebi zaidi ya risasi mbili, na ukiongeza ile iliyo ndani ya chemba, tayari kufyatuliwa, unapata tatu. Ukitaka bunduki yenye magazini ndefu zaidi, au ukitaka risasi za donge moja badala ya marisau, lazima uombe cheti kingine cha silaha, ambacho polisi hukitoa baada ya kuridhika kwamba una sababu ya msingi ya kumiliki kila bunduki unayoiomba. Ofisa huja nyumbani, hutazama kabati la chuma, hukuuliza maswali, na daktari wako huulizwa habari za afya yako. Mkufunzi alitushauri tusingojee cheti hicho ndipo tuanze, bali tuanze na bunduki ya risasi tatu, kwa sababu inamlazimisha mtu kujifunza kujaza. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa, ila klabu yenyewe haikuufuata.

Mchana wa Jumamosi tulifundishwa amri za msimamizi wa uwanja, ambazo hutolewa kwa Kiingereza hata katika mashindano ya nchi zisizokijua, na ambazo hazibadiliki hata neno. Unaambiwa ujaze na ujiandae; unaulizwa kama u tayari; unaambiwa usubiri; kisha mlio wa saa. Ukimaliza unaamriwa utoe risasi na uonyeshe chemba tupu. Bunduki ikiwa haitumiki hukaa na kibendera cha plastiki chenye rangi kali kilichochomekwa ndani ya chemba, ili kila mtu aone kwa mbali kwamba haina kitu. Kidole kinatoka ndani ya kikinga cha kifyatulio kila unapotembea na kila unapojaza. Mtutu hauvuki nyuzi 90 kutoka mstari wa katikati ya uwanja, si kulia wala kushoto. Ukivunja sheria ya kidole au ya mtutu hupunguziwi alama. Unaondolewa siku hiyo, bila mjadala.

Nilidhani hayo ni maneno ya darasani mpaka nilipoyaona. Katika mashindano yangu ya kwanza, kijana tuliyesoma naye alikuwa akikimbia kutoka kulia kwenda kushoto huku akijaza risasi. Macho yalikuwa kwenye vidole, miguu ikageuka, na mtutu ukageuka pamoja na miguu. Msimamizi alipaza sauti mara moja tu. Kijana aliganda pale alipo, akatoa risasi zake moja baada ya nyingine, akaonyesha chemba, akachomeka kibendera. Saa nne asubuhi, na siku yake ilikuwa imekwisha. Nilichokipenda ni kwamba hakuondoka: alibaki mpaka jioni akisimamisha mabamba ya chuma yaliyoangushwa na wenzake, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyemcheka.

Sasa nije kwenye lawama. Jumapili nzima tulipiga risasi. Tulikuwa wanafunzi wanane na bunduki mbili za klabu, na zoezi la kujaza lilipewa dakika 20 hivi kabla ya chakula cha mchana. Zaidi ya hayo, moja ya bunduki hizo ilikuwa ya aina inayojikoki kwa nguvu ya msukumo wake yenyewe begani, na risasi tulizopewa zilikuwa nyepesi, za gramu 21 za marisau. Aliyeishika bunduki hiyo kwa ulegevu ilimkwama, na nusu yetu tuliishika kwa ulegevu. Mkufunzi alijua sababu na aliieleza vizuri, lakini maelezo hayarudishi muda. Tena tangazo lilisema kila kitu kimelipiwa, halafu jioni tukadaiwa pesa za risasi.

Kwa nini nalalamikia kujaza? Nitatoa mfano wa hesabu. Alama zako zote hugawanywa kwa sekunde ulizotumia, na kinachopatikana ndicho kinacholinganishwa na cha wenzako. Bamba likianguka unapata alama 5. Ukiliacha limesimama unapoteza hizo 5 na kukatwa 10 juu yake. Zoezi langu la kwanza lilikuwa na mabamba 12. Nikiwa na bunduki ya risasi tatu, maana yake ni kujaza mara tano, kwa kuwa kila mara huingia mbili tu. Niliyaacha mawili kwa haraka yangu, nikamaliza kwa sekunde 33: alama 50 toa 20 ni 30, ukigawa hupati hata moja kamili. Bibi mmoja mwenye mvi aliyenifuata, naye akiwa na bunduki ya risasi tatu, hakuonekana kukimbia hata kidogo. Aliangusha yote 12 kwa sekunde 24, akapata mbili na nusu. Kulenga hakunizidi sana. Tofauti yetu ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Mkono huo nilimwomba anionyeshe, akanionyesha kwa risasi za bandia juu ya meza. Vidole vinachota risasi mbili kwa pamoja kutoka kwenye kishikizo cha mkanda, moja nyuma ya nyingine kama treni. Bunduki inageuzwa tumbo juu, kitako kikiegemea begani. Kidole gumba kinasukuma risasi zote mbili ndani ya tundu la kujazia kwa msukumo mmoja usiokatika, kikifika mwisho kabisa, maana ukikatiza njiani ile ya nyuma inarudi mkononi au inadondoka. Na ulimi wa chuma ulio mlangoni mwa tundu hubana gumba lisilo na adabu. Langu lilikaa na plasta wiki tatu. Nilifanya zoezi hilo nyumbani juu ya kitanda, ili zinazodondoka nisiziinamie sakafuni, mpaka mke wangu akauliza kama kitanda kile bado ni chetu au kimekwishakuwa cha chama.

Cheti cha pili kilinifikia baada ya miezi minane, na shindano la tatu nilishiriki na bunduki ya risasi nane. Nilishika nafasi ya kumi na moja kati ya watu 26, na niliyemzidi kwa karibu alikuwa na bunduki ghali mara mbili ya yangu.

Lawama zangu nilimpelekea mkufunzi ana kwa ana. La pesa za risasi aliliomba radhi. La kujaza alilikubali, akaongeza kwamba mtu aliyelipa pauni 190 hutaka kusikia mlio, na ukimweka mezani na risasi za bandia kutwa nzima hurudi nyumbani akinung'unika. Mwezi ujao klabu inaanza jioni za kujaza tu, bila risasi hai hata moja, kwa pauni tano. Nimekwishajiandikisha, na nimeambiwa yule bibi ndiye atakayefundisha.