Ndugu Saba Waonekane Wote: Ununue Toleo Gani la Seven Brides for Seven Brothers

Wasomaji wawili wameniandikia mwezi huu, na malalamiko yao ni yale yale. Wa kwanza alimnunulia mama yake Seven Brides for Seven Brothers, filamu ya nyimbo na dansi ambayo mama aliipenda tangu ujana. Mama akatazama kidogo, kisha akauliza, “Na wale wengine wamekwenda wapi?” Wa pili anasema kwenye nakala yake Howard Keel, aliyecheza Adam, kaka mkubwa, anazungumza na pua. Mwenye pua yuko nje ya skrini.

Hakuna aliyewadanganya kuhusu rangi, sauti wala lugha ya maandishi ya chini. Hayo ndiyo watu huuliza dukani, na ndiyo ninayoyaruka leo. Swali langu ni moja: picha ina upana gani?

Studio ya MGM ya Hollywood iliitoa filamu hii mwaka 1954, ikiongozwa na Stanley Donen, dansi zikipangwa na Michael Kidd. Ilipigwa kwa CinemaScope, mfumo wa picha pana, ambapo upana wa picha ni mara 2.55 ya kimo chake. TV za zamani zilikuwa na upana wa mara 1.33 tu. Ili picha ijaze kioo chote, watengenezaji wa kanda za video walikuwa wakikata pembeni, na hesabu haina huruma: kinachobaki ni asilimia 52. Karibu nusu ya filamu uliyoilipia imetupwa. Ni kama kuuziwa khanga iliyokatwa pindo pande zote mbili, halafu muuzaji akushangae, mbona mji upo?

Filamu ya watu wawili wanaopendana mkahawani huenda ingevumilia kukatwa hivyo. Hii haiwezi. Ndugu ni saba, wamepewa majina kwa mpangilio wa alfabeti, Adam, Benjamin, Caleb, Daniel, Ephraim, Frank na Gideon, wote wana nywele nyekundu, na kila mmoja ana shati la rangi yake ili usiwachanganye. Halafu wanawekwa mstarini, ukuta hadi ukuta.

Chukua ile dansi ya siku ya kujenga ghala, ambayo ndiyo sababu ya watu wengi kuinunua filamu. Ndugu sita wako upande mmoja (Adam hachezi), vijana sita wa mjini upande mwingine, na wasichana sita ndio wanaogombewa. Watu kumi na wanane. Wanapanda juu ya mbao, wanasukumana, wanarushana, wanazunguka na shoka, na Russ Tamblyn, aliyecheza Gideon, anapinduka hewani. Ucheshi wote uko kwenye majibizano: mmoja anafanya kituko kushoto, mpinzani anamjibu kulia papo hapo. Kwenye nakala iliyokatwa unaona kituko, kisha picha inateleza kwenda upande wa pili, na ukifika jibu limeshapita.

Upana una siri zake pia. Jeff Richards, aliyecheza Benjamin, alikuwa mchezaji wa besiboli kabla ya kuigiza, si mcheza dansi. Wenzake wanaporuka, yeye mara nyingi amewekwa nyuma au ameketishwa pembeni. Maskini Julie Newmar, aliyepangwa naye, alikuwa mcheza dansi hasa. Nikiwa na nakala kamili huwa namtafuta Benjamin kila dansi inapoanza, nione safari hii wamemficha wapi.

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata wauzaji waaminifu. Filamu hii ilipigwa mara mbili. MGM waliogopa kwamba si kila ukumbi ungekuwa na vifaa vya CinemaScope, kwa hiyo waigizaji walirudia kazi mbele ya kamera ya kawaida kwa ajili ya picha ya upana wa mara 1.77. Toleo hilo la pili halikukatwa. Watu wamesogezwa wakaenea ndani, na linajaza kabisa TV za siku hizi. Basi ukiona neno “Widescreen” kwenye kava, hujaambiwa kitu, maana matoleo yote mawili yana haki ya kuitwa hivyo. Tafuta namba: 2.55 au 1.77. Kama kava haina namba, mwombe muuzaji apige picha ya nyuma ya kasha uisome mwenyewe.

Nafasi ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni Blu-ray ya Warner Archive ya mwaka 2018. Kasha lina diski mbili, moja ya CinemaScope na nyingine ya lile toleo la pili. Kitengo hiki cha Warner kilianzishwa 2009 kushughulikia filamu za zamani ambazo maduka makubwa hayakuwa na haja nazo, na ndiyo maana nakiamini: wanaonunua kwao ni watu wa kuhesabu ndugu. Diski zao za Blu-ray kwa kawaida hazifungwi kwa eneo, yaani hazikatai deki za sehemu nyingine za dunia, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Muscat anaweza kuagiza bila kubadilisha deki.

Picha yake haina ukali wa kisu, nawatahadharisha mapema. Filamu ilipigwa kwa rangi za Ansco, aina moja ya filamu ya rangi ya enzi hizo, na lenzi za CinemaScope za miaka ile zilikuwa na ulaini wake. Utaona pia kwamba milima ni pazia lililochorwa. Si kosa la diski. MGM walikuwa wakiitegemea zaidi Brigadoon, filamu yao nyingine ya nyimbo ya mwaka ule ule, fedha zikabanwa huku, na Donen akabaki na mandhari za kuchora ndani ya studio. Picha ikiwa safi zaidi, brashi inaonekana zaidi. Mimi nazipenda. Napenda hata magauni ya wale wasichana, ambayo mbunifu wa mavazi Walter Plunkett alipata kitambaa chake kwenye mablanketi ya viraka yaliyokuwa yametolewa sadaka.

Nafasi ya pili ni DVD ya diski mbili ya mwaka 2004. Nayo ina matoleo yote mawili, pamoja na sauti ya Donen mwenyewe akieleza kazi yake huku filamu ikiendelea. Kwa mwenye deki ya DVD tu, hii inatosha kabisa. Angalia eneo: ya Marekani ni eneo la 1, na Afrika Mashariki tuko eneo la 5, kwa hiyo hakikisha deki yako inasoma maeneo yote. Kwenye DVD za Ulaya kuna jambo jingine la kujua. Mfumo wa PAL, ule wa TV za huko, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 102 inakwisha kwenye dakika 98, na sauti mara nyingi hupanda kidogo. Kwa tamthilia hutahisi. Kwa filamu ya nyimbo, mwenye sikio atahisi kwamba Keel na sauti yake nzito amepungua umri.

Kukodi au kununua mtandaoni ni nafasi ya tatu, kwa shingo upande. Kwa kawaida unapata toleo moja tu, na ukurasa wa mauzo mara nyingi hautaji upana. Kodi kwanza.

Kanda za zamani, nakala za kwenye flashi na DVD za mezani sokoni: rahisi, na mtapata ndugu wanne.

Ukishapata nakala nzuri, usiiharibu mwenyewe. Kwenye TV ya inchi 43, yenye kimo cha sentimita 53 hivi, picha ya CinemaScope itachukua kama 37, na juu na chini patabaki weusi wa sentimita 8 kila upande. Watu huuchukia huo weusi. Shemeji akija atachukua rimoti akaweke “zoom” ili kioo kijae, na hapo karibu theluthi ya picha imeondoka tena, bure, na diski yenyewe haina hatia. Mnyang'anyeni rimoti. Anayetaka kioo kijae ana diski ya pili, imetengenezwa kwa ajili yake.

Hadithi yenyewe, ya vijana wa Oregon mwaka 1850 kuteka wasichana usiku na kuwapeleka mlimani, msimwulize shangazi anaionaje.

Nililonalo zaidi ni hasira na maduka ya mtandaoni. Kuna tabia ya kuweka kanda, DVD na Blu-ray kwenye ukurasa mmoja na kuchanganya maoni ya wanunuzi wote, hivyo mtu aliyesifu Blu-ray anaonekana amesifu kanda iliyokatwa. Picha ya kava ni ya toleo moja, mzigo unaofika ni wa jingine. Muuzaji anaandika “adimu sana” juu ya diski ambayo bado inatengenezwa, anaongeza bei, kisha gharama ya usafirishaji inazidi bei ya diski, na forodha nao wanasubiri chao. Ukitaka kurudisha, nauli ya kurudisha ni juu yako, kwa sababu eti ulipata filamu uliyoagiza.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, tuma ujumbe mfupi: diski ni moja au mbili, na nyuma pameandikwa 2.55 au nini? Akikutumia picha, endelea. Akikujibu “ni orijino dada, haina shida,” tafuta muuzaji mwingine.