Ziara ya Alamo kwa siku moja kutoka Houston: nyota tatu kati ya tano

Naishi Houston mwaka wa sita sasa, na kila mgeni anayetoka nyumbani huniuliza habari za Alamo, ile misheni ya zamani mjini San Antonio ambamo waasi wa Texas walizingirwa na jeshi la Mexico mwaka 1836. Mdogo wangu alipokuja kutoka Tanga nikatulipia ziara ya siku moja: basi dogo hadi San Antonio, mwendo wa saa tatu hivi, na mwongozaji ndani yake.

Mwongozaji anaijua kazi. Njiani alitueleza jinsi Mexico, ikiwa imepata uhuru mwaka 1821, ilivyowakaribisha walowezi wa Kimarekani kuja kuijaza Texas. Stephen F. Austin alileta familia 300 za mwanzo. Familia ya wafugaji iliweza kupewa zaidi ya ekari 4,400, ilimradi wawe raia wa Mexico na Wakatoliki. Walipozidi, sheria ya Aprili 6, 1830 ikafunga mlango. Ukaja ugomvi wa ushuru wa forodha. Austin alikwenda Mexico City kuomba Texas itenganishwe na Coahuila, jimbo iliyokuwa imeunganishwa nalo, akakamatwa Januari 1834. Rais Santa Anna naye akaitupa katiba ya shirikisho ya 1824. Oktoba 2, 1835, askari walifika Gonzales kudai mzinga mmoja ambao serikali ilikuwa imewaazima walowezi, na risasi zikaanza.

Alamo penyewe ni padogo kuliko nilivyodhani. Ule upinde wa juu ya ukuta wa mbele, unaouona kwenye kila picha, uliongezwa na jeshi la Marekani mwaka 1850. Siku ya vita haukuwapo, wala paa la kanisa halikuwapo. Wanaume huvua kofia mlangoni. Tulisimama kimya tukisikiliza habari za waliokuwa wakiilinda Alamo: kamanda wao Travis, Bowie aliyekuwa hoi kitandani, na Crockett, siku 13 za kuzingirwa na jeshi la Santa Anna hadi walipouawa alfajiri ya Machi 6, 1836. Hapo nilisisimka kweli.

Juan Seguín, mwenyeji wa San Antonio mwenye asili ya Kimexico aliyepigana upande wa waasi, alitajwa kwa sentensi moja tu.

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza: hawa walowezi walikuwa wanalima nini? Pamba. Na nani aliyeichuma? Kimya kidogo. Kutoka asubuhi neno utumwa lilikuwa halijatamkwa, na hapo ndipo nilipopunguza nyota mbili. Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alifuta utumwa Mexico Septemba 1829. Texas ikaombewa isihusishwe na amri hiyo, ikakubaliwa. Tayari walowezi walikuwa na hila yao: mtumwa anawekewa mkataba wa kazi wa miaka 99. Walipopata jamhuri yao mwaka 1836, katiba iliulinda utumwa na ikakataza Mwafrika huru kuishi humo bila kibali cha Bunge. Maana yake mimi na mdogo wangu tungehitaji kibali hicho. Huwezi kueleza chanzo cha uasi ule ukaliruka hilo.

Kinachoniuma ni kwamba mwongozaji anayajua yote. Wakati wa kurudi alikuja kukaa karibu nasi, akatusimulia habari za Joe, mtumwa wa Travis. Joe alikuwa naye ukutani, akamwona akipigwa risasi mwanzoni kabisa mwa shambulio. Akaokoka, akawaeleza viongozi wa Texas aliyoyaona, kisha akarudishwa utumwani. Aprili 21, 1837, mwaka mmoja kamili tangu Sam Houston, jemadari wa waasi, alishinde jeshi la Mexico huko San Jacinto, Joe alitoroka.

Zile dakika 20 za nyuma ya basi ndizo zilizokuwa bora kuliko zote. Naiomba kampuni iziweke mbele, abiria wote wasikie. Ukienda kabla hawajabadilisha, beba maji, vaa viatu vya kutembelea, na muulize mwongozaji habari za Joe mapema.